Takwimu za Magonjwa Huharibikia Wapi?

Tarehe 5 Julai 2022, mgonjwa alifika katika kituo cha afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Alikuwa na homa, kichwa kikimuuma, mwili hauna nguvu, na damu ikimtoka puani. Tarehe 7 akaja mwingine mwenye dalili zilezile, na siku hiyohiyo taarifa ikapanda hadi Wizara ya Afya. Timu ikatumwa, sampuli zikachukuliwa, zikapimwa Ebola na Marburg, zote hasi. Kufikia tarehe 18 Julai wananchi walikuwa wameshapewa jibu: ni leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, ambao tuliambiwa tuuite homa ya mgunda. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 20, na watatu kati yao walifariki.

Ilikuwa kazi nzuri, na waliopiga simu ya kwanza kutoka Mbekenyera wanastahili heshima yao. Lakini tangu mwaka ule nina swali lisiloniacha: je, kama damu isingetoka puani, ingekuwaje? Leptospirosisi mara nyingi haimtoi mtu damu. Huanza kama homa nyingine yoyote, na maumivu ya kichwa na misuli. Mgonjwa wa namna hiyo angekaa kwenye benchi pamoja na wenzake, angeandikiwa malaria, au UTI, au taifodi, angepewa dawa akaenda zake. Mstari wake daftarini ungejumlishwa pamoja na mistari mingine elfu kadhaa, na hakuna simu ambayo ingepigwa.

Nataka tuiangalie hiyo mistari ya kawaida. Tukizungumzia kuboresha takwimu za magonjwa ya kuambukiza, mazungumzo hukimbilia kwenye mitambo: programu mpya, vishikwambi, seva, dashibodi yenye rangi. Mimi nashikilia kwamba sehemu kubwa ya takwimu huwa imeshaharibika kabla haijagusa mtambo wowote. Huharibikia mezani, pale mtu mmoja aliyechoka anapoipa homa jina bila kipimo, anapoiandika bila kujua nani ataisoma, na mara nyingine anapoogopa yatakayompata akiiandika kama ilivyo.

Kuhusu hilo jina, ushahidi upo hapahapa kwetu. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 waliandikiwa malaria, yaani sita katika kila kumi. Maabara ilipomaliza kazi yake, ambao malaria ndiyo iliyowapa homa walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria au fangasi kwenye damu. 55 walikuwa na chikungunya, 40 leptospirosisi, na wengine homa ya Q na homa za kupe. Lililonishtua kuliko yote ni hili: hakuna hata mgonjwa mmoja ambaye, wakati wa kulazwa, aliandikiwa kwamba anashukiwa kuwa na ugonjwa wa bakteria utokao kwa wanyama, wala virusi vinavyoenezwa na mbu. Yaani ugonjwa ulikuwa wodini, kitandani, na kwenye karatasi haukuwepo kabisa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Ni kweli Moshi iko juu na malaria yake ni chache kuliko ya Pwani au Kagera. Ni kweli pia kwamba tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kile kipimo cha haraka cha tone la damu sasa kinapatikana hata zahanati za ndani. Takwimu za malaria zimenyooka sana kwa sababu hiyo. Lakini homa haikuondoka. Imebadilishiwa jina tu. Kipimo kikisema hakuna malaria, mhudumu bado anatakiwa ajaze safu ya ugonjwa, na mgonjwa bado anataka kuambiwa anaumwa nini. Ndipo UTI na taifodi zilipochukua nafasi. Nani kati yetu hajarudi nyumbani na karatasi yenye maneno hayo? Kipimo cha Widal kinachotumika sana kwa taifodi kinajulikana kuwa dhaifu, kwani humwonesha kuwa mgonjwa hata mtu aliyewahi kukutana na vimelea hivyo zamani, au aliye na maradhi mengine. Namba zitokanazo na kipimo hicho zitafika Dodoma zikiwa kamili, kwa wakati, zimejumlishwa vizuri, na hazitakuwa na maana.

Kwa hiyo daftari bora halitoshi. Anayetaka takwimu nzuri za homa aanze na bajeti ya vipimo na ya kusafirisha sampuli. Si lazima kila zahanati iwe na maabara kubwa. Inatosha vituo vichache vilivyochaguliwa katika kila kanda vichukue damu ya wagonjwa wachache wa homa kila wiki, viipeleke maabara inayoweza kutafuta leptospira, kidingapopo, chikungunya na brusela, na majibu yarudi. Vituo vichache vinavyojua vinachokiona vina faida kuliko maelfu vinavyokisia.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima kwenye benchi la zahanati moja ya kijijini, nikimsindikiza mzee wetu. Muuguzi alikuwa peke yake. Mbele yake kulikuwa na kitabu cha MTUHA namba 5, kile kikubwa cha wagonjwa wa nje, kimefunguliwa meza nzima, na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

"Mama, mtoto anasumbuliwa na nini?"

"Homa, dokta. Na tangu jana anatapika."

"Anaharisha?"

"Kidogo."

Kalamu ikasimama juu ya karatasi kitambo kidogo, kisha ikaandika. Sikuona aliandika nini. Lakini katika lile neno "kidogo" kulikuwa na njia mbili: mtoto huyu ahesabiwe miongoni mwa wanaoharisha, na kama kijijini kuna kipindupindu basi huyu ni wa kwanza, au ahesabiwe homa tu, na foleni isogee. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuingia katika sekunde zile tatu na kuamua badala yake.

Watu walipopungua nilimuuliza, "Dada, hizi namba zikitoka hapa zinakwenda wapi?"

"Wilayani."

"Halafu?"

"Halafu basi. Tukichelewesha fomu ndio wanapiga simu."

Jibu lile ndilo ninalolikumbuka kila ninapoona dashibodi. Muuguzi yule huchora vijiti mwisho wa mwezi, vinne wima na cha tano kikikatiza, ukurasa baada ya ukurasa, saa ambazo angekuwa anahudumia wagonjwa au amelala. Kazi hiyo haijawahi kumrudishia kitu hata kimoja: si chati ya kijiji chake, si neno la kumwambia kwamba kuharisha kumepanda kata jirani, si jibu la sampuli aliyoituma. Simu humjia kwa sababu ya kuchelewa tu. Amefundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba kinachotakiwa ni fomu ifike. Na fomu inafika.

Nchi za Afrika zilikubaliana mwaka 1998 kuunganisha ufuatiliaji wa magonjwa katika mfumo mmoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuanza. Hatua imepigwa. Kenya ilieneza mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikafuata, na leo afisa wa wilaya anaweza kuona namba ambazo zamani zililala kabatini. Taarifa za magonjwa ya mlipuko zinaweza kutumwa kwa simu ya kawaida ya mkononi, bila intaneti. Siyabezi mambo hayo. Lakini mifumo hii ilileta na vipimo vyake vya ubora, na vile rahisi ndivyo vikatawala: ripoti ngapi zimefika, na ngapi zimefika kwa wakati. Wilaya inaweza kupata asilimia 100 kwa vyote viwili huku kila namba iliyomo ikiwa ya kupikwa.

Njia ya kuugundua upishi huo haihitaji mtaalamu kutoka nje. Msimamizi anachukua ugonjwa mmoja na mwezi mmoja, anafungua kitabu cha wagonjwa, anahesabu mistari kwa kidole, kisha analinganisha na kilichotumwa wilayani. Kitabu kikionesha kuharisha 38 na ripoti ikasema 50, kuna mazungumzo ya kufanya. Yawe mazungumzo, maana mara nyingi utakuta fomu imebadilishwa na kitabu hakikubadilishwa, au karatasi za kuchorea vijiti ziliisha tangu mwezi uliopita, au wanaohesabu ni wawili na mmoja anahesabu marudio kama mgonjwa mpya. Ziara za usimamizi ambazo gari linasimama nusu saa, kitabu cha wageni kinasainiwa na soda inanywewa, hazitagundua lolote kati ya hayo.

Upo ufuatiliaji mmoja ambao umewahi kulitatua tatizo gumu kuliko yote, yaani namna ya kuiamini sifuri. Ni wa polio. Zahanati ikiandika "hakuna mgonjwa", inaweza kuwa hakuna kweli, au hakuna aliyetafuta. Kwenye karatasi sifuri hizo mbili zinafanana. Wataalamu wa polio hawakuomba polio iripotiwe. Waliomba kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla, viungo vikalegea, aripotiwe, hata kama kila mtu ana hakika si polio. Kupooza kwa namna hiyo kuna sababu nyingine, na hutokea kila mahali kwa kiwango kinachokadirika: angalau mtoto mmoja asiye na polio katika kila watoto 100,000 kwa mwaka, na Afrika tulijiwekea wawili. Wilaya yenye watoto 200,000 ikikaa mwaka mzima bila kuripoti kupooza hata kumoja, haipongezwi kwa afya njema. Inahesabiwa kuwa haioni, na mtu anatumwa kwenda kutafuta. Juu ya hapo, kila mtoto anachukuliwa sampuli mbili za choo, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu apooze, na inahesabiwa ni asilimia ngapi ya watoto walifanyiwa hivyo sawasawa.

Angalia uzuri wa jambo hilo: mfumo unajipima wenyewe hata pale ugonjwa haupo. Na pale ulipotoboka, tuliona. Nigeria iliondolewa katika orodha ya nchi zenye polio ya asili Septemba 2015. Agosti 2016 watoto waliopooza walipatikana jimbo la Borno, ambako vita viliwazuia wahudumu kufika, na uchunguzi wa vinasaba ukaonesha kwamba kirusi kile kilikuwa kikizunguka tangu mwaka 2011 bila kuonekana. Miaka mitano ya sifuri za uongo. Upande wa pili, Februari 2022 Malawi ilitangaza polio kwa mtoto mmoja wa Lilongwe, na kirusi kikafuatiliwa hadi Pakistani. Mtoto mmoja tu katika nchi nzima, na akaonekana. Tanzania, jirani, ikaingia katika kampeni ya chanjo mwaka huohuo.

Sioni kwa nini busara hii tumeiachia polio. Surua ina utaratibu unaofanana kidogo, kwa kuhesabu vipele na homa visivyo surua. Kipindupindu kingeweza kufuatwa hivyohivyo: zahanati ya kando ya ziwa ambayo mwaka mzima haijapeleka hata sampuli moja ya kuharisha isiandikwe kuwa haina kipindupindu. Iandikwe kuwa haijulikani. Kwenye ramani iwe na rangi yake, tofauti na kijani.

Hofu ndiyo ngumu kuiandika. Muuguzi anajua kwamba akitamka kipindupindu, kesho yake magari yatajaa uwanjani, soko litafungwa, mama lishe watafukuzwa, na mkubwa mmoja atauliza kwa sauti kali nani aliyezembea. Akiandika "kuharisha" maisha yanaendelea. Mataifa nayo hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2016 na 2017 Ethiopia na Sudan ziliripoti wagonjwa wengi wa "kuharisha majimaji kwa ghafla", na jina la kipindupindu likaepukwa. Kwetu, takwimu za Covid-19 zilisimama mwaka 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na dunia iliendelea kusoma 509 hiyohiyo hadi katikati ya 2021. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushukiwa Marburg mkoani Kagera; kesho yake Wizara ikasema sampuli zilikuwa hasi; tarehe 20 Januari Rais akathibitisha, akiwa na mkuu wa shirika hilo Dodoma, kwamba Marburg ipo Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Waliothibitishwa walikuwa wawili na waliodhaniwa wanane, na wote kumi walifariki.

Mataifa hayaogopi bure. Novemba 2021 Afrika Kusini na Botswana ziliitangazia dunia aina mpya ya kirusi cha Covid-19, ile iliyoitwa Omicron, kwa uwazi na kwa haraka ya kupigiwa mfano. Malipo yao yalikuwa kufungiwa safari za ndege ndani ya siku chache. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinataka tukio kubwa liripotiwe ndani ya saa 24 baada ya kutathminiwa, lakini hazikuweza kuwalinda walioripoti. Yule muuguzi na lile taifa wako katika hali moja: anayesema kweli mapema ndiye anayeumia kwanza. Hili likiachwa hivi, mafunzo na vishikwambi vyote vitaishia kupamba namba zilizonyamazishwa.

Tunachoweza kukifanya hapa nyumbani ni kubadili swali analoulizwa aliyeripoti. Tangu mwaka 2021 kumekuwa na kipimo kinachoitwa 7-1-7: mlipuko ugundulike ndani ya siku saba tangu uanze, uripotiwe ndani ya siku moja, na hatua za mwanzo zikamilike ndani ya siku saba nyingine. Uzuri wake ni kwamba kinauliza siku zilipotelea wapi. Hakiulizi nani alaumiwe. Mkuu wa wilaya akifika zahanati yenye kipindupindu na swali lake la kwanza likawa "mlijuaje mapema hivi?", wenzake wa kata nyingine watasikia.

Kuna pia wagonjwa ambao hawafiki mezani kabisa. Wengi huanzia duka la dawa muhimu, wanunue panadoli na dawa ya mseto, warudi nyumbani. Mtoto mwenye degedege, katika vijiji vya Pwani na kwingineko, huenda kwanza kwa mganga wa kienyeji kwa sababu degedege imeaminiwa tangu zamani kuwa ni ya mashetani, na akifia huko haingii katika kitabu chochote. Mlipuko wa kwanza wa Marburg Kagera, Machi 2023, ulianza kufahamika kama ugonjwa usiojulikana unaoua watu huko Bukoba Vijijini. Waliojua kwanza walikuwa majirani na waombolezaji. Kwa hiyo muuza duka la dawa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, sheikh, katekista na mwenyekiti wa kitongoji wawe na namba ya kupiga, bila malipo, na wasitakiwe kujua jina la ugonjwa. Waseme wanachokiona: watu watatu wa nyumba moja wamefariki ndani ya wiki. Mifugo nayo ihesabiwe humo. Wafugaji huona mimba za ng'ombe na mbuzi zikitoka kwa wingi kabla homa ya Bonde la Ufa haijamfikia binadamu, na taarifa hiyo huishia ofisi ya mifugo, ukuta mmoja tu na ofisi ya afya.

Yote haya yana gharama, na mwaka 2025 umetukumbusha gharama hiyo ilikuwa ikilipwa na nani. Marekani iliposimamisha misaada Januari mwaka huo, kazi nyingi za takwimu za afya katika nchi zetu ziliguswa, kuanzia makarani wa kliniki za VVU hadi tafiti kubwa za kaya. Taifa linalosubiri mgeni alipie kuhesabiwa kwa wagonjwa wake litakuja kusubiri pia kuambiwa limeugua nini.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa halmashauri, kwa sababu ndizo zinazopanga bajeti ya zahanati. Tengeni fungu la kusafirisha sampuli, liwe na jina lake, lisiliwe na mafuta ya gari. Kila Jumatatu mratibu wa wilaya atume ujumbe mmoja kwa kila kituo: wiki iliyopita mliripoti hiki, jirani zenu waliripoti hiki, sampuli yenu ilikutwa na hiki. Karatasi moja, au meseji moja. Muuguzi aliyechukua damu ya mgonjwa, akaifunga, akaitafutia bodaboda na kuituma, bado hajaambiwa ilikutwa na nini. Mpeni jibu lake.